Shangazi, nimseme vipi baba yangu siku ya khitma?

SWALI
Assalamu alaykum shangazi. Mie ni mtoto wa tano kati ya saba, kwetu ni Wete lakini huko ndani mashamba. Baba katutoka wiki tatu sasa. Alikuwa mchumaji karafuu, anachuma miti yetu michache na ya watu, msimu ukisha anashuka pwani kuvua, usiku anasuka madema ya kutegea samaki, na sote saba tumesoma skuli kwa mikono yake. Wazee wamenchagua mie niandike maneno ya kusomwa siku ya arubaini, basi kila nikishika kalamu naandika "alikuwa mchapakazi, akipenda familia yake" halafu nakwama, kwani hayo si ndo yanayosemwa kwa kila maiti? Picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kamba yake ya kuchumia bado imetundikwa nyuma ya mlango, mama hataki iguswe. Na jengine, kaka zangu wanataka kukopa wachinje ng'ombe ili watu waone baba kapewa heshima yake, na huku kuna mwenye duka kaja anamdai. Nifanyeje?
Binti wa Mchumaji, Pemba

JIBU
Waalaykumu salaam mwanangu, poleni sana, Mola amrehemu na ampe kauli thabiti.

Nianze na la deni kwa sababu hilo halingoji arubaini. Deni la maiti linalipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, hakuna hata mmoja wenu mwenye haki ya kugawa mti wa mkarafuu huku yule mwenye duka anadai. Kaeni naye, muulizeni kiasi gani, kama ana daftari alilete, mlipe. Kaka zako waambie kwa upole, pesa hizo wanazotaka kuzikopea ng'ombe basi wazitafute wamtoe baba kwenye deni, heshima yake ipo hapo. Khitma someni, chai na mandazi vinatosha, watu wamekuja kumuombea.

Sasa hilo la maneno. Umekwama kwa sababu "mchapakazi" ni polo tupu, gunia lisilo kitu, lazma utie karafuu ndani. We umekulia Pemba unajua kazi yenyewe ilivyo lakini umeizoea ndo maana huioni, mtu anapanda mkarafuu mrefu kuliko nyumba, tawi lenyewe halina imani linakatika ghafla, kila msimu tunasikia fulani kaanguka, na baba yako kapanda hivo miaka yote akarudi nyumbani magharibi. Karafuu haimsubiri mtu, lazma ichumwe kabla haijafunguka, halafu ichambuliwe makonyo, vile vikonyo vyake, usiku watu wanasinzia, ianikwe siku kadhaa, mvua ikitokea mnakimbilia majamvi nyote hata mwenye homa, na ikikauka uzito uliobaki kama thuluthi tu ya ule wa mbichi. Hebu fikiria mwanangu, gharama za skuli za watoto saba zimetoka kwenye hiyo thuluthi! Yaandike hayo. Alikuwa akichuma pishi ngapi kwa siku ujanani, nani alikuwa akipanda naye, alianguka lini, mkono gani ulikuwa ukimuuma kwa baridi, alikuwa akisema nini akirudi na dema tupu.

Na usianze na yeye, anza na babu yako. Kama hiyo miti michache ni ya eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964 basi sema, na kama ni ya urithi wa zamani sema pia. Muulize ami yako walikula nini miaka ya mwanzo ya 70 pale mchele ulipokuwa wa foleni, baba yako alikuwa kijana wakati huo, labda ndo hapo alipojifunza kutolala bila ya kujua kesho watu wake watakula nini.

Mie haya nayasema kwa uchungu. Baba yangu alikuwa fundi wa milango hapa Unguja, alipofariki watu walimsifu mpaka nikalia, lakini hadi leo sijui alifundishwa kazi na nani wala mlango wake wa kwanza uko nyumba gani, na wote walokuwa wakijua wameshatangulia. Kwa hiyo wazee wenzake waendee sasaivi, kabla ya khitma, nenda na simu uwarekodi sauti zao, picha mnayo moja tu lakini sauti za watu waliomjua utakuwa nazo.

Mama yako nae yumo kwenye eda, miezi 4 na siku 10 yupo ndani, kaa nae jioni, usimuhoji kama afisa, mchambulie mboga tu nae atazungumza mwenyewe. Yeye ndo alokuwa akimfungulia mlango akirudi baharini alfajiri, ana mambo ambayo nyinyi saba hamyajui. Mengine atakwambia usiyasome mbele za watu, usiyasome.

Hiyo kamba iacheni hapo hapo nyuma ya mlango. Akitoka eda mama muulizeni mwenyewe anataka iwekwe wapi.