Kabla muuze nyumba ya mama, soma hii kwanza

Mwaka 2024 tuliuza nyumba ya mama ya Nakuru tukijua hakuna kodi ya faida ya kuuza mali (capital gains tax), si ni nyumba amekaa tangu 1998, na kila mtu mtaani anakwambia nyumba ya kuishi KRA, watoza ushuru wa Kenya, hawagusi. Ni kweli hawagusi, lakini sheria inataka mwenyewe awe amekaa humo miaka 3 mfululizo hadi siku ya kuhamisha umiliki. Sasa mama baada ya kufiwa alirudi ushago, sisi tukaweka mpangaji mwaka mmoja na nusu hivi, angalau rent imnunulie dawa za presha. Huyo mpangaji ndiye alituponza.

Hesabu yenyewe: ilinunuliwa 850,000, ikauzwa milioni 6.5, kwa hivyo "faida" 5,650,000, na asilimia 15 yake ni 847,500. Hii kodi ilisimamishwa 1985, ikarudishwa 2015 ikiwa asilimia 5, halafu Januari 2023 wakaipandisha hadi 15. Na hakuna mahali mfumuko wa bei unahesabiwa, ni kama laki nane unusu ya 1998 ni ile ile ya leo jameni!

Mama alikuwa amejenga ukuta wa mawe na vyumba viwili nyuma, kama laki nne. Gharama za kuboresha nyumba zinatolewa kwenye faida, hapo tungeokoa 60,000. Risiti ziko wapi sasa? Fundi alilipwa mkononi. Mama akatoa daftari la shule limeandikwa "mawe lori 3" kwa penseli, wakili akaliangalia, akalirudisha pole pole.

Ya urithi nayo msichezee. Mali ya marehemu ikiuzwa au ikihamishwa kugawa mirathi ndani ya miaka 2 tangu kifo, haikatwi kodi hii. Lakini barua ya chifu, tangazo kwenye gazeti la serikali siku 30, halafu korti yenyewe inangoja miezi 6 kabla ya kuthibitisha ile granti (hati ya kusimamia mirathi), na bado hujakutana na ndugu mmoja hataki kusaini. Kukiwa na kesi kortini miaka 2 inaanza kesi ikiisha, ila mkinuniana tu nyumbani saa inatembea. Ombeni KRA muda zaidi kwa maandishi mapema, inaruhusiwa.

Kwa maoni yangu miaka 2 ihesabiwe kutoka granti ithibitishwe, na mjane aliyehama juzi asitozwe kama dalali wa ploti. Bei ya zamani nayo ipandishwe kulingana na mfumuko kabla ya kutoza chochote, hapo hata hiyo 15 sitalia sana.

Saa hizi fundi akija kwa mama ushago kurekebisha hata gata, haanzi kazi kabla ya kuandika risiti, na mama anaiweka kwa mkebe wa Kimbo.