Usihamishe familia Texas kwa ajili ya futiboli ya dogo (mimi nilihama)

Mkuu, nimesoma swali lako nikaweka kikombe cha chai chini. Kijana yupo Minnesota, anaingia darasa la kumi na moja, anacheza futiboli ya Kimarekani, mstari wa ulinzi, na wewe unataka kuhamia Texas ili skauti wa vyuo vikubwa wamuone. USIHAME. Hayo mengine uliyouliza, alama za darasani, bima, kama Kusini bado ndiyo wababe, tutayafikia pumzi ikibaki.

Mimi nilihama na dogo wangu, kwa sababu hiyohiyo. Brooklyn Park, Minnesota, hadi pembezoni mwa Houston, Texas, lori la kukodi, siku mbili barabarani, mama watoto amenuna kuanzia Iowa. Makoti ya baridi tuliyagawa kabla ya kuondoka, eti huko ya kazi gani.

Aliyenijaza upepo ni jamaa mmoja anayejiita mshauri wa vipaji. Alinikuta kwenye kambi ya mazoezi ya wikiendi, akafungua kompyuta, akanionyesha ramani ya Marekani yenye vidoti vyekundu: Texas, Florida, Georgia na California zimejaa kama mtoto mwenye surua, Minnesota vidoti vya kuhesabu. "Mzee, samaki wako baharini, wewe umekaa na ndoano kisimani." Nikamlipa dola 1,800. Kwa maneno hayo tu! Bibi yangu angenipa methali kumi bure.

Kinachouma ni kwamba ramani yenyewe ilikuwa ya kweli. Jua la huko halina likizo. Shule kubwa za Texas zinaruhusiwa mazoezi rasmi ya futiboli mwezi wa nne na wa tano, na hela zipo: mji wa Allen ulijenga uwanja wa watu 18,000 kwa dola milioni 60. Wa sekondari, mkuu. Ndiyo maana vyuo vya SEC, ligi ya vyuo vya Kusini, vilibeba ubingwa wa taifa misimu 7 mfululizo, 2006 hadi 2012. Vijana wanazaliwa mlangoni kwao. Lakini faida hiyo ni ya chuo. Chuo ndicho kinachovua. Mwanao ndiye samaki, na Texas kuna shule zaidi ya 1,000 zenye samaki wenzake.

Sasa kilichonimaliza kabisa ni fomu moja. Texas, mtoto aliyekuwa akicheza shule nyingine akihamia, inajazwa fomu ya historia yake ya michezo, na shule aliyotoka nayo inajaza upande wake. Wanataka kujua: je, amehama kwa sababu ya michezo? Ikionekana ndivyo, hagusi timu ya kwanza mwaka mzima. MWAKA. Na mimi bwege nilikuwa nimemuaga kocha wa Minnesota kwa mbwembwe, nikamwambia tunaenda kutafuta mpira wa wakubwa, nikatupia na picha ya lori Facebook. Kocha yule mlokole, uongo kwake ni sumu. Akaandika alichokisikia. Kamati ya kanda ikatuita. Nikavaa suti ya harusi, nikamwaga Kiingereza changu chote, wakanisikiliza kwa adabu kabisa, halafu wakamfungia. Nampigia mshauri, ananijibu, "Aah, kila jimbo lina mambo yake." Dola 1,800 na fomu haijui! Tapeli wa viwanja angalau anakuonyesha kiwanja.

Na darasa la kumi na moja ndilo ambalo klipu zake vyuo wanazitazama sana. Dogo akalimalizia timu ya pili, Alhamisi jioni, wazazi kumi na wawili kwenye jukwaa la maelfu, mwenye kelele mimi peke yangu. Anakabana na mtoto wa darasa la tisa mwenye chunusi. Skauti wanakuja Ijumaa, timu ya kwanza inapocheza. Alipofunguliwa mwaka wa mwisho, nafasi yake ilishakuwa na vijana watatu, mmoja ana upana wa friji. Akawa anaingia dakika nne, tano, anatoka.

Huku nyuma, rafiki yake aliyekuwa akimsubiri benchi Minnesota akarithi nafasi, akacheza kila mechi, akapata ofa ya chuo. Jimbo zima lina chuo kimoja tu cha daraja la juu kabisa, na kijana mzuri wa nyumbani hawezi kujificha hata akitaka. Dogo alinionyesha ile posti ya ofa, hakusema neno, akaenda kuoga.

Kwa hiyo shika hili hata kama utasahau mengine: mtoto abaki pale anapocheza dakika zote. Kuhama atahama akiwa chuoni. Tangu 2021 sheria za kuhama zimelegezwa na mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na ubingwa nao umepanda Kaskazini: Michigan msimu wa 2023, Ohio State 2024. Ila uhuru huohuo umewafanya makocha wanunue wakubwa walioiva kutoka vyuo vingine, viti vya watoto wa sekondari vimepungua. Asiye na klipu za mwaka mzima hata simu hapigiwi. Dakika, mkuu. Dakika!

Sasa hivi yuko chuo cha daraja la pili, Minnesota hiihii, ufadhili wa nusunusu, nusu nyingine ni mimi na zamu za usiku. Makoti tumenunua upya.

Halafu huyo aliyekushauri Texas, kama naye alianza na ramani ya vidoti vyekundu, njoo inboksi kabla hujamlipa.