Kingamwili ya CPT1A kwenye msuli wa panya

Mkuu, umesema kwenye western blot (kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili) hukuona mstari wa CPT1A, ila mstari mnene karibu na kilodaltoni 50. Kabla hujairushia lawama kingamwili, angalia sampuli. Unatafuta CPT1A, kimeng'enya kinachosaidia kuingiza mafuta kwenye mitokondria ili yachomwe, kwenye msuli wa paja, wakati makao yake makubwa ni ini. Msuli na moyo hutegemea zaidi ndugu yake, CPT1B, na kingamwili iliyotengenezwa vizuri inatakiwa iwatofautishe. Kwa hiyo kukosa mstari kwenye kilodaltoni 88, yaani uzito wa CPT1A, hakunishangazi hata kidogo.

Huo mstari mnene wa karibu 50 ndio wa kuutilia shaka. Umesema kingamwili yako ya kwanza ni ya panya, na tishu nayo ni ya panya. Basi ile ya pili, inayoshika kingamwili za panya ili mstari uonekane, inanasa pia kingamwili za damu iliyobaki ndani ya tishu: mnyororo mzito wa kingamwili hizo hutokea kwenye 50, mwepesi kwenye 25. Pitisha kisima kimoja bila kingamwili ya kwanza. Mstari ukibaki, umeshapata jibu. Ukiweza, hamia kwenye kingamwili ya sungura.

Weka ini kando ya msuli kwenye jeli hiyohiyo, na kama kuna seli zilizoondolewa jeni ya CPT1A, hizo ndizo ushahidi wa kweli. Kulinganisha kiasi, tumia protini ya VDAC1, maana nayo, kama CPT1A, imo kwenye utando wa nje wa mitokondria. Aktini, protini ya kawaida ya kulinganishia, haikuambii kama mitokondria zenyewe zimepungua.

Halafu usiseme "uchomaji wa mafuta umeongezeka" kwa sababu ya mstari tu. Malonili-CoA, molekuli iliyo ndani ya seli, huweza kukizuia kimeng'enya hiki bila kiasi chake kubadilika.