Maswali na Majibu: Kilele Kilichojisokota cha Kanisa la Chesterfield

Maswali ya safari hii yanahusu Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, kanisa la parokia la mji wa Chesterfield, katika kaunti ya Derbyshire nchini Uingereza. Juu ya mnara wake wa mawe kuna kilele cha mbao ambacho, badala ya kwenda juu wima, kimejisokota kama kamba.

Je, kilele hicho kilijengwa hivyo kwa makusudi?

La. Kilijengwa katika karne ya 14 kikiwa na pande nane, na kupinda kulikuja baadaye. Leo kimezunguka kwa nyuzi 45 hivi, na ncha yake, iliyo karibu mita 70 kutoka ardhini, imehama karibu mita 3 kutoka mahali ilipopaswa kuwa.

Ni kweli kwamba mafundi walikosea kwa kutumia mbao mbichi?

Hilo ni nusu ya jibu. Kila seremala anajua kwamba ubao mbichi hupinda ukikauka, lakini mafundi wa zama hizo waliutumia mti wa mwaloni ukiwa mbichi kwa sababu ukishakauka huwa mgumu mno kuchonga, na majengo mengi waliyoyajenga hivyo yamesimama wima hadi leo. Hapa palikuwa na upungufu mwingine: mbao za mshazari za kuukaza mfupa wa kilele hazikutosha. Wapo wanaoeleza kwamba tauni iliyoikumba Uingereza mwaka 1348 na 1349 iliwaua mafundi stadi, kazi ikabaki mikononi mwa wasio na uzoefu. Ni maelezo yanayoingia akilini, ingawa mimi siyapi uzito mkubwa kama ule ninaoyapa madini ya risasi.

Kilele kimefunikwa kwa mabamba ya risasi yenye uzito unaozidi tani 30, yaliyowekwa karne nyingi baada ya ujenzi, na mfupa ule haukuundwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Tena, jua la Uingereza hupiga upande wa kusini, hivyo risasi ya upande huo hupata joto na kutanuka kuliko ya kaskazini, kisha husinyaa jioni, na mchezo huo hurudiwa mwaka baada ya mwaka juu ya mbao zilizokwisha kulegea. Mabamba yenyewe yamepangwa mshazari, mfano wa ukili uliosukwa, kwa hiyo mtazamaji aliye chini huona msokoto mkubwa kuliko uliopo.

Hakitaanguka?

Kimesimama zaidi ya miaka 600. Hata moto wa Desemba 1961, uliokiteketeza kinanda cha kale cha kanisa, haukukifikia.

Wenyeji wanasemaje?

Wanasema mhunzi wa Bolsover, mji wa jirani, alimpigilia Shetani chuma cha kwato vibaya, naye akaruka kwa maumivu na kukipiga teke kilele alipokuwa akipita juu yake. Wengine husimulia kwamba kilele kiligeuka kwa mshangao kumtazama bibi harusi aliyekuwa bikira, na kwamba kitajinyoosha siku atakapofika mwingine. Mji haukioni kasoro hiyo kuwa aibu: timu yake ya soka huitwa kwa jina la utani Spireites, yaani watu wa kilele.