Usiuze boda

Usiuze boda. Nimesoma swali lako lote: umeokoka juzi, unajiona mtupu, umepata mchungaji Kampala mwenye kozi ya "kuvikwa silaha zote", unataka kuuza pikipiki ulipe ada. Umeuliza pia habari za mkeo anayekucheka, na Biblia ipi ununue. Hayo siku nyingine.

Mimi yangu niliiuza, hapa hapa Busia. Kozi ilitoka Waefeso 6, pale penye silaha za Mungu, na kila silaha ilikuwa na ada yake: mshipi ada, dirii ada, viatu ada. Nilipofika kwenye chapeo boda ilikuwa imekwisha, upanga nikaukopea. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Mke wangu bado.

Pesa nimezisahau. Ila mwenzangu wa steji, tuliyekuwa tukipokezana abiria, alifiwa na mtoto. Akanipigia mwenyewe: wewe si uliokoka, njoo utuombee. Nikamwambia niko kwenye mtihani, na kwamba mwalimu ametukataza kuhudumia msiba kabla ya kupakwa mafuta, tusije tukaingia vita tusivyoviweza. Unajua mtihani ulikuwa wa somo gani? Kufariji wafiwa. Nilipasi vizuri sana.

Aliyekesha naye kwenye moto, akahangaikia hema na viti, akashika koleo kaburini, ni jamaa mmoja Muislamu wa steji hiyo hiyo ambaye hajasomea kitu chochote duniani, hata leseni yake nina mashaka nayo. Niliporudi na cheti changu, mfiwa alinisalimia kwa adabu, akaniuliza safari, akarudi kwenye pikipiki yake. Afadhali angenitukana.

Na huyo mwalimu! Alichokuwa akiuza ni hofu. Ukikaribia kumaliza anakuonyesha pengo jingine: laana ya ukoo haijakatwa, ufunuo haujafunguka, levo inayofuata inaanza Jumatatu. Mwanafunzi akishakuwa tayari halipi tena, basi hakuna aliyewahi kuwa tayari. Hata joho la mahafali tulilikodi kwake.

Halafu wewe uko Uganda! Kila mwaka kabla ya 3 Juni unawaona mahujaji kutoka Kenya wakipita kwa miguu kwenda Namugongo, walikochomwa mashahidi wa Uganda. Muulize mmoja wao Kizito, shahidi mdogo kuliko wote, alikuwa na cheti gani. Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walikuwa na utaratibu wa kumfundisha mtu miaka 4 kabla ya ubatizo, na sisemi ulikuwa mbaya. Lakini walipoondoka Buganda 1882, hawakurudi mpaka 1885, na waumini wakafundishana wenyewe, vijana wa ikulu wakijifunza kwa wakubwa wao hukohuko kazini. Kizito, mtoto wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana hao, usiku wa kuamkia 26 Mei 1886. Kulipokucha akasimama mbele ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na 3 Juni akachomwa moto kwa ajili ya imani yake. Na yule mwenye pepo wa Marko 5 alipoomba afuatane na Yesu, alirudishwa kwao siku ileile akawasimulie watu wa nyumbani. Wala hakuwa amepita dirii.

Jifunze, sikukatazi. Sheria yangu ni moja: mafunzo yanayokutoa kwa watu wako eti yakuandae kwa ajili ya watu, yakimbie. Anza na mtu mmoja wa steji yako mwenye shida unayoijua. Utakwama, lazima. Ukikwama, nenda na hilo swali kwa mzee wa kanisa ambaye mtaa mzima unajua analipa madeni yake. Balokole wa zamani, wale waliookoka wakati wa uamsho, walikuwa wakirudisha hadi ng'ombe walioiba kabla ya kuokoka. Mzee wa namna hiyo akikufundisha, msikilize, na hatakudai ada.

Kama umeshalipa pesa ya fomu, iache iende. Wakikupigia kwamba nafasi zinajaa, waambie una abiria.