Mkuu, usichukue hao sungura Januari

Mkuu usilipe hiyo advansi. Umeandika unachukua majike kumi na madume mawili mwezi wa kwanza, banda tayari lipo Chanika, limeezekwa bati na limeangalia magharibi, na muuzaji kakuhakikishia kwamba sungura ni mnyama mgumu anaishi popote. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno, na aliyeniambia alikuwa anajua fika kaskazi linaanza kuchoma, ndo maana alikuwa na haraka ya kuwatoa kwake.

Huyu sungura tunayemfuga, muite New Zealand White, muite Californian, asili yake ni sungura pori wa Hispania na Ureno. Yule anachimba shimo, jua likikaza yuko chini ardhini kwenye ubaridi, kula anatoka jioni na alfajiri. Wawindaji wa Ulaya wanalijua hilo, mchana wa jua kali hawapotezi muda, wanamvizia jua likishazama, na siku ya upepo mkali au mvua ya nguvu wanajua wengi watabaki mashimoni. Sasa mnyama ambaye akiwa huru anajificha joto, wewe unamfungia juu ya waya, hana pa kuchimba, juu yake bati. Hatoi jasho kama sisi, joto lake linatokea kwenye masikio na kwa kuhema, basi. Hali inayomfaa ni kama nyuzi 15 mpaka 20, ikivuka 30 ameshaanza kuteseka, na Dar mwezi wa pili mchana hiyo 30 inavukwa kivulini kabisa, chini ya bati saa nane ni kikaango.

Wengi wanadhani hasara ni wale wanaokufa. Wanaokufa unawaona, unakuta jike kajinyoosha, masikio ya moto na mishipa imetuna, pua imelowa, anahema mdomo wazi, na mwenye mimba ya mwishoni ndo wa kwanza kuondoka. Inauma lakini siyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni madume, na hiki hakuna muuzaji atakayekuambia. Dume aliyepigwa na joto anakula vizuri, anapanda jike kama kawaida, wewe unaandika tarehe ukutani, unahesabu siku 31, unaweka boksi la kuzalia na majani makavu, siku inafika hakuna kitu. Unapandisha tena, hakuna kitu. Mbegu zake zimeharibika na hazirudi wiki ijayo, zinachukua kama mwezi na nusu mpaka miwili tangu joto lipungue. Nikampigia yule jamaa aliyeniuzia, akasema majike yako tasa hayo, uza nyama nikuletee mengine. Nikayauza kwa bei ya kutupa, majike mazima kabisa, na nikanunua mengine kwake yeye yule, nikayapeleka kwa madume wale wale, na chakula kinaendelea kununuliwa kila wiki. Mtu anayekuuzia mbegu ya mifugo halafu anakudanganya kuhusu joto ili umrudie tena, huyo ni mwizi, sina jina lingine, na wapo wengi sana sasa hivi kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza "paketi kamili" na ahadi ya kununua mpaka mkojo wa sungura wa kutengenezea mbolea. Siku ya kununua mkojo simu haipokelewi.

Kwa hiyo sheria yangu ni kivuli kwanza, na sungura wanunuliwe kusi likishaanza. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, hapo Dar kuna ubaridi kidogo, dume ana nguvu, unapandisha asubuhi mapema au jioni, jike unampeleka kwa dume siyo dume kwa jike, na ukifika mwezi wa kwanza tayari una watoto wameshakua. Joto likirudi pumzisha uzazi, usilazimishe. Banda liwe chini ya mwembe au mkorosho, paa la makuti, na kama bati umeshanunua basi weka makuti juu yake. Ubavu mrefu wa banda uelekee kaskazini na kusini ili jua la jioni lisipige ndani, pande ziwe wavu upepo upite. Nunua kipimajoto cha ukutani, kitundike usawa wa sungura siyo usawa wa kichwa chako, kisome saa nane mchana. Ukikuta anahema mdomo wazi mpeleke kivulini, lowanisha masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, chupa ya maji yaliyogandishwa mlaze pembeni yake. Usimmwagie maji ya barafu mwilini, unaweza kumuua kwa mshtuko.

Masika nayo ina yake, majani yaliyolowa yanaleta kuharisha na tumbo kujaa gesi, yanyaushe kwanza, na sakafu iwe kavu.

Uliuliza na soko na aina ipi ya sungura inakua haraka, hayo wengine watakujibu, sioni maana ya kuongelea soko wakati banda bado linaangalia magharibi. Piga picha ya banda leo saa kumi jioni, ndani siyo nje, uiweke hapa tuone jua linafika wapi. Na huyo muuzaji muulize swali moja tu, madume wake mwezi wa pili wanakaa wapi.