Mabano kwenye kikaratasi cha babu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kila aliposimama karibu na mto aliokota makombe. Ametuachia kopo zima, kila kombe na kikaratasi alichoandikiwa na rafiki yake aliyesomea wanyama. Moja zito, limepindapinda, latoka Jinja: "Etheria elliptica Lamarck, 1807". Jingine refu na laini, la Zambezi: "Spathopsis wahlbergi (Krauss, 1848)". Nikilitafuta hili la pili kwenye simu naletewa Chambardia. Je, babu alidanganywa? Na mabano ni ya nini? Mama asema lile la Jinja ni chaza tu. – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu hakudanganywa. Rafiki yake aliandika jina lililotumika zama zake.

Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wa karibu. La pili ni la spishi, yaani aina yenyewe. Jina la mtu na mwaka ni la aliyemweleza wa kwanza. Mwaka 1848 Mjerumani Ferdinand Krauss alipomweleza kome huyu alimweka katika jenasi Iridina, akampa jina la wahlbergi kwa heshima ya Johan August Wahlberg, Mswidi aliyezunguka kusini mwa Afrika akikusanya wanyama. Wataalamu wakamhamishia Spathopsis, na sasa yuko Chambardia. Nyumba zimebadilika, wahlbergi limebaki, kwa sababu kanuni hulinda jina la spishi lililotangulia. Mabano ndiyo yanayokwambia kwamba Krauss alimweka kwengine. Lamarck hana mabano kwa kuwa Etheria elliptica yuko palepale alipowekwa mwaka 1807.

Sisi Waswahili jambo moja hapa halitupi shida: upatanisho. Mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1758 alimwita kome mmoja wa Ulaya Mytilus cygneus. Alipohamishiwa Anodonta akawa Anodonta cygnea, maana kwa Kilatini jina la jenasi lilibadilika ngeli nalo la pili likalifuata, kama vile "-zuri" inavyokuwa mzuri kwa mtu na kizuri kwa kiti.

Sasa la mama, na hapa nataka nikae kidogo. Nilipokuwa msichana Tudor, hapa Mombasa, tulishuka maji yakipwa, tukibandua chaza mawe na mizizi ya mikoko kwa nyundo. Huyo ni Saccostrea cucullata (Born, 1778); naye ana mabano, kwa kuwa Born alimwita Ostrea. Ukimweka karibu na wa Jinja utaapa ni ndugu: wote wawili hugandisha gamba moja kwenye mwamba, na umbo hufuata mwamba ulivyo. Lakini Etheria yumo katika oda ya Unionida, kundi la kome wa maji baridi, pamoja na yule wa Zambezi. Chaza wa Tudor ni wa mbali kabisa.

Wataalamu nao walidanganyika na kuganda huko. Kwa muda mrefu walimweka Etheria familia moja na "chaza" wa mito ya Kolombia na India. Vinasaba vilipochunguzwa, yule wa India alionekana ana jamaa zake, na yule wa Kolombia ana zake. Tabia ya kuganda ilizuka zaidi ya mara moja, kila mmoja kivyake.

Tazama pia watoto. Wa chaza wetu huelea baharini mpaka wapate jiwe. Kome wengi wa Unionida watoto wao hujishikiza kwa samaki, kwenye mapezi au matamvua, wakae huko mpaka wakue, ndipo waanguke chini ya mto. Ndiyo sababu napata uchungu nikisikia mto umezibwa bila kuachiwa samaki njia: akikosa kupita samaki, kome naye hana wa kumbebea wanawe.

Kwa hiyo mwambie mama aendelee kusema chaza. Ndilo neno la jikoni na ni letu. Ila ukiandika, andika "Chambardia wahlbergi (Krauss, 1848)" kwenye karatasi mpya, uikunje pamoja na ile ya zamani. Usiitupe ya zamani hata kidogo. Umesema imeandikwa Zambezi. Je, kuna jina la kivuko au la daraja? Kama mjomba yeyote akumbuka babu alisimama wapi, liongeze kwa kalamu ya risasi, maana wino hufifia kwa unyevu wetu huu wa Mombasa.